Tatu ya Wageni

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi hujaa watu kama mzinga ulivyojaa nyuki. Mwenye misumari anasukumwa na mwenye bomba, mwenye bomba anakanyagwa na mwenye mfuko wa saruji, na nyuma ya kaunta yuko muuzaji mmoja tu, anayejibu watu kumi kwa mdomo mmoja. Katika msongamano huo msichana mmoja alijipenyeza mpaka mbele. Alivaa gauni la njano lenye vifungo vyeusi, na kitambaa cha njano kichwani, amekifunga kwa madaha kana kwamba anakwenda harusini. Akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya juu ili asikike:

"Rangi nyeusi kopo moja, nyeupe kopo moja, brashi mbili. Na bati bapa la kutosha kukata vibati kumi na vitatu vya namba. Sufuri mpaka tisa vya wenyeji. Sufuri, moja na mbili vya wageni."

Nyuma yake mtu akacheka. Hakucheka kwa adabu, alicheka mpaka akakohoa.

Msichana akageuka. Akaona kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyotobolewa na moto matundu madogo madogo, miwani myeusi ya kuchomelea vyuma imepandishwa juu ya paji la uso, na mikono mipana kama sahani.

"Kuna nini cha kuchekesha, kaka?"

"Nawaonea huruma wageni. Wakifunga tatu, dada, utatundika nini?"

"Wageni hawafungi tatu."

"Wapi huko?"

"Uwanja wa Dhahabu. Mimi ndiye ninayetundika namba ubaoni, na kabla yangu alitundika baba yangu miaka thelathini na mmoja. Hajawahi kuja mgeni akafunga tatu pale. Hata mbili yenyewe imeota kutu kwa kukaa bure."

Watu dukani wakaitikia kwa vichwa. Nani asiyeijua Dhahabu? Timu yenye basi la mapazia, maji ya moto bafuni, na makombe mengi hata mengine yamewekwa sakafuni kwa kukosa rafu.

"Basi karibu unifahamu," kijana akasema. "Mimi ni golikipa wa Vumbi."

Duka zima likaangua kicheko. Hata muuzaji aliacha kupima misumari. Vumbi! Timu ya mwisho wa barabara, yenye uwanja usio na unyasi mmoja, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Imepanda ligi kuu juzi, na kila mtu alikuwa anahesabu siku za kuiona ikishuka.

Msichana alimhurumia kidogo. Macho yake yalikuwa mazuri, na hakukasirika kuchekwa.

"Haya, golikipa, nikupime akili," akasema. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mtoto bubu, hupanda ukutani kila wiki. Hasemi neno, lakini wazee wenye ndevu wakimtazama hulia."

Kijana akakuna kichwa. "Mjusi?"

"Mjusi anamliza nani?"

"Saa ya ukutani?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Mji sina, dada yangu. Nina chumba kimoja tu na paa linavuja. Chukua namba yangu ya simu."

"Lo! Kumbe una ulimi kuliko mikono." Lakini akatoa simu. "Jibu lake ni namba ya ubaoni. Na hivi vibati ninamtafuta fundi wa kuvikata."

"Fundi amesimama mbele yako, ananuka moshi."

Hivyo ndivyo walivyokutana. Wenzake karakana walimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake. Yeye akampa msichana jina la Namba, na jina likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa chake.

Vibati kumi na vitatu vilikwisha kwa siku mbili, lakini ziara za kuviangalia zilichukua mwezi. Mara Namba aone ndoano imepinda, mara Cheche apige simu kwamba namba saba haikumridhisha.

"Haloo, wa Dhahabu."

"Haloo, wa Vumbi. Umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo wewe. Leo mnacheza na nani?"

"Na mabingwa wa mwaka juzi."

"Pole, kipenzi. Nikuandalie maji ya moto ukandwe?"

"Yaandae. Ila kwa kunywea chai."

Jioni ile redio ilitangaza kwamba Vumbi imefungwa moja bila. Namba akasikitika, akapiga simu kutoa pole. Akasikia kelele, ngoma za makopo, watu wanaimba.

"Tumeshinda sisi!" Cheche alipaza sauti. "Mtangazaji alidhani karatasi imekosewa, akaigeuza!"

Namba alikaa kitako kitandani.

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Wiki baada ya wiki Vumbi ikawa inawaacha watu vinywa wazi. Mshambuliaji wao alikuwa fundi bomba, aliyefika mazoezini na spana mfukoni. Kiungo wao alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba kama chaki. Benchi lao lilikuwa na ndoo ya maji, kocha mmoja mstaafu wa posta, na Kinyozi, mwenye miaka thelathini na minane na kitambi cha heshima, ambaye alisajiliwa ili idadi itimie. Watu hao ndio waliowaangusha wakubwa mmoja mmoja. Langoni alisimama Cheche na ile mikono ya sahani. Mpira ukija, anaudaka kama mtu anayepokea mkate.

Mambo yalipofika hapo, Cheche akaenda kujitambulisha kwao Namba. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na viatu alivyoazima. Nyumba yao ilikuwa na geti la kijani, na sebule yenye picha za Dhahabu ukutani tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Mzee wa nyumba alikaa kwenye kiti cha mikono, mguu mmoja ameunyoosha, maana goti lilikwisha kuharibika kwa kupanda ngazi miaka yote ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kazi gani?"

"Fundi wa kuchomelea, baba. Vibati vya ubaoni nilivikata mimi."

"Kazi safi. Niliviona." Mzee akamtazama vizuri, akampenda. "Na mpira je, ni shabiki?"

"Ni golikipa, baba. Wa Vumbi."

Kikombe cha mzee kilisimama hewani. Namba, aliyekuwa mlangoni na sinia, akafumba macho.

"Vumbi," mzee akasema polepole, kama mtu aliyeuma jiwe katika wali. "Na umekuja kumtaka binti yangu?"

"Ndiyo, baba. Kwa heshima zote."

Mzee akacheka mpaka picha zikatikisika. "Sikiliza, kijana. Mimi sina ubaya. Siku wageni watakapofunga tatu uwanja wa Dhahabu, siku hiyo nitakukabidhi binti kwa mikono yangu hii miwili. Neno langu hilo. Kunywa chai."

Alisema kama mtu anavyosema siku kuku atakapoota meno. Lakini Cheche alikunywa chai mpaka tone la mwisho, akaaga, na alipotoka getini alikuwa anapiga mluzi.

Wiki hiyo hiyo, saa tisa mchana, Namba alikuwa juu ya jukwaa la ubao, anapaka ndoano mafuta. Ubao wenyewe ulisimama nyuma ya goli la kaskazini. Dirisha la wenyeji lilikuwa pana kama mlango. La wageni lilikuwa dogo kama la choo. Ndivyo lilivyojengwa, mgeni asijisikie sana. Vibati vya wenyeji havikuingia dirisha lile hata uvilazimishe.

"Hodi huko juu!"

"Cheche! Umeingiaje? Mlinzi je?"

"Mlinzi nimemtengenezea baiskeli." Akapanda ngazi na kitu alichokifunga kwa gunia. "Fungua, laazizi."

Namba akafungua. Moyo ukamlipuka. Ilikuwa namba tatu, nyeupe pe, imekatwa kwa kipimo cha dirisha la wageni. Kingo zake zilipigwa tupa mpaka zikawa laini, zisimkate vidole.

"Umerogwa wewe? Mtu akiiona hii hapa nimekwisha!"

"Baba yako alinipa kipimo. Fundi akipewa kipimo, anakata."

"Alikutania, mpenzi wangu! Hata mimi mwenyewe nilijua ananikatalia kwa mzaha ili nisilie."

"Basi mimi sikujua mzaha. Ndoano yake nimeichomelea mara mbili. Tunza, Namba. Mechi ya mwisho wa ligi tunakuja hapa."

"Golikipa hafungi mabao. Utaniposaje kwa miguu ya watu wengine?"

"Mimi nitazuia. Wao watafunga. Na wewe utatundika. Kila mtu na kazi yake."

Namba alicheka huku anafuta machozi kwa mkono wenye mafuta, akajipaka weusi shavuni. Cheche akamfuta kwa kidole gumba, akauzidisha weusi. Siku hiyo Namba alirudi nyumbani na tatu ndani ya gunia, akailaza chini ya godoro lake.

Sasa kitanda ni mtunza siri mzuri, isipokuwa siku ya kuanika godoro.

Zilibaki wiki tatu ligi iishe. Vumbi na Dhahabu walikuwa wanakimbizana juu ya msimamo kama paka na kivuli chake. Mzee alikuwa peke yake nyumbani, jua ni kali, akaamua kuwasaidia watoto kuanika magodoro. Akainua la Namba, na akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeona nyoka.

Tatu ya wageni! Ndani ya nyumba yake! Chini ya ubavu wa binti yake wa kuzaa!

Kwa watu wengine lile lilikuwa bati tu. Kwake yeye lilikuwa uchuro, kama jeneza lililonunuliwa mgonjwa angali anakula. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hamkaribishi hata mke wake, aliogopa neno lake mwenyewe. Nje mkokoteni wa vyuma chakavu ulikuwa unapita, mwenyewe anagonga kengele. Mzee akatoka getini akichechemea, akampa mtu yule tatu pamoja na sufuria mbili zilizotoboka. Akarudi, akatandika godoro vizuri kuliko lilivyokuwa.

Lakini vyuma chakavu huenda wapi? Huenda kwa mafundi. Siku ya pili mkokoteni ule ulisimama mbele ya karakana ya Cheche. Akachambua kama kawaida yake: springi za kitanda, jembe lisilo na mpini, sufuria mbili. Chini yake, ikimtazama, tatu yake.

Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Hii umeipata wapi?"

"Nyumba yenye geti la kijani."

"Nani alikupa?"

"Wenyewe."

Angeuliza swali la pili, ni nani hasa, hadithi ingekwisha hapo. Hakuuliza. Mwenye wivu na mwenye uchungu huridhika na jibu la kwanza.

Simu ya Namba ikaita anapofua.

"Haloo, roho yangu."

"Usiniite hivyo. Ile tatu iko wapi?"

"Si ipo chini ya godoro? Nailalia kila siku, mbavu zinaniuma."

"Kaangalie."

Akaenda, mikono ina mapovu. Akainua godoro. Akainua tena, kana kwamba mara ya pili macho yangebadilisha nia.

"Cheche... haipo. Jamani, haipo!"

"Najua haipo. Ninayo mbele yangu. Imekuja na mkokoteni wa chakavu, imelala na sufuria zenu. Kama hukuitaka ungeniambia, Namba. Ungenirudishia mkononi. Siyo kunipima kwa mizani kama chuma kibovu!"

"Sikuiuza! Wallahi sikuiuza mimi!"

"Ilitembea yenyewe?"

Sauti ya Namba ikatoka ndogo, na baridi. "Nimekuambia sikuiuza. Unaniamini au huniamini?"

Cheche akalitazama lile bati. "Macho yangu yananiambia vingine."

"Basi kaa na macho yako."

Simu ikakatwa. Jioni ile Namba aliuliza nyumbani nani ameingia chumbani kwake. Baba yake aliinua gazeti mpaka likafunika uso, akasema goti linamuuma. Na Namba, ambaye tangu utotoni hajawahi kusikia uongo kutoka mdomo ule, hakumshuku.

Siku zikapita bila haloo wala kipenzi. Cheche alichomelea mageti kwa hasira, mapya yote yakatoka imara mno. Namba alikonda. Hata hivyo alikwenda kwa meneja wa uwanja, mtu mwenye tai ya dhahabu na manukato yanayofika kabla yake.

"Bosi, wageni hawana namba tatu. Tukate moja kabla ya mechi ya mwisho."

"Tatu?" Meneja akashika mbavu. "Binti, umekula nini leo? Kateke maji ya kupaka chokaa!"

Siku ya mechi ikafika. Dhahabu walihitaji sare tu wawe mabingwa. Vumbi walihitaji kushinda. Uwanja ulijaa tangu saa nne asubuhi. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi, waliokosa ngazi walipanda nguzo. Namba alipanda jukwaani na ovaroli nyeusi safi na kile kitambaa cha njano. Chini ya ngazi alikaa baba yake kwenye kigoda, kama alivyokaa kila mechi tangu astaafu, mkono mmoja ameshika mguu wa ngazi isiteleze.

Kipindi cha kwanza kilikwenda walivyozoea watu. Dhahabu moja. Dhahabu mbili. Namba alitundika vile vibati vipana, na kila kimoja kilimuuma mahali asipotaka kupataja.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Cheche akaja kusimama goli la kaskazini, chini ya ubao kabisa. Aliweka mfuko wake nyuma ya wavu, na hakuinua macho.

"Hata salamu?" Namba akasema kutoka juu, si kwa sauti kubwa.

Cheche alitema mate kwenye glavu, akageukia mpira.

Dakika ya hamsini mshambuliaji wa Dhahabu alipiga mpira kwa karibu mno. Cheche hakuwa na muda wa mikono, akauweka uso. Mpira ukagonga kama mlango uliofungwa kwa upepo.

"Mama yangu!" Namba akapiga yowe. Wote wa upande ule wakamtazama, na yeye akajifanya anakohoa. Cheche aliinuka, damu puani, na kwa mara ya kwanza akatupa jicho juu. Mara moja tu.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Fundi bomba alimpita beki mmoja, wa pili, akafunga. Watu wakaguna. Dakika kumi baadaye mwalimu wa hesabu alisimama mbele ya mpira wa adhabu, akapima kwa macho kama anayechora pembetatu, akauzungusha nje ya ukuta wa mabeki mpaka wavuni. Mbili kwa mbili! Namba alitoa ile mbili ya wageni, ambayo haikuwahi kutumika tangu ikatwe, akaitundika. Wakubwa waliokaa viti vya mito wakainuka, wakakaa, wakainuka.

Bado sare ilikuwa ubingwa wao. Zilibaki dakika sita. Fundi bomba akaanguka kwa kubanwa na misuli. Kocha akatazama benchi. Akatazama ndoo. Akamtazama Kinyozi.

"Ingia," akasema, kama mtu anayekubali msiba.

Uwanja ukacheka kumwona Kinyozi akivuta bukta ipite kitambi. Vumbi wakapata kona, ikapigwa. Kinyozi akageuka kumuuliza mwenzake asimame wapi, na mpira ukamgonga kisogoni, ukapaa polepole juu ya mikono ya golikipa wa Dhahabu, ukashuka wavuni.

Kimya. Kimya cha kusikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Refa akanyoosha mkono katikati. Kinyozi mwenyewe alikuwa anashika kisogo, anauliza nani amempiga.

Macho yote, maelfu kwa maelfu, yakageukia ubaoni. Bao walikuwa wameliona. Walitaka kuambiwa kama ni kweli.

Namba alisimama mikono mitupu.

Meneja alikuja mbio, tai begani. "Acha mbili! Acha hivyo hivyo!"

"Wamefunga tatu, bosi."

"Tatu huna! Kisichokuwepo hakitundikwi!"

Mbili na moja si tatu? Namba, kwa kuchanganyikiwa, alichukua kile kibati cha moja akakitundika kwenye msumari kando ya mbili. Uwanja ukasoma: ishirini na moja. Pumzi ikamtoka kila mtu kwa pamoja. Waliokuwa wameshika vichwa wakashika viuno, na mwandishi mmoja wa habari akadondosha kalamu.

"Toa upuuzi huo!" meneja akafoka.

Chini, mpira ulikwisha kuanzishwa tena katikati, lakini Cheche alikuwa amegeuka kabisa, mgongo kwa mpira. "Namba! Tundika!"

"Nitundike nini? Unaona ninayo?"

"Ninayo mimi! Niliinunua kwa yule uliyemuuzia!"

"Sikumuuzia mtu! Nikuambie mara ngapi, kichwa cha chuma?"

"Geti la kijani ni la nani?"

"Ni langu," ikajibu sauti nyingine.

Wote wawili wakatazama chini ya ngazi. Mzee alikuwa amesimama. "Niliiuza mimi. Na sufuria mbili. Mtoto hajui kitu."

Namba akainama ukingoni amwone vizuri. "Baba?"

Cheche akapiga hatua kumwelekea mzee.

"Cheche, mpira!" Namba akapiga kelele, ya kwanza katika historia ya Dhahabu kutoka jukwaa lile kwa faida ya mgeni. Golikipa akageuka. Mpira ulikuwa hatua tatu tu. Akajitupa, akaukumbatia, akalala nao kama mtoto.

"Iko mfukoni, nyuma ya wavu!" akasema akiwa bado chini. "Ndani ya taulo!" Alikuwa ameileta ili mechi ikiisha aiweke chini ya ngazi ya Namba, aondoke bila neno.

Mzee alikwishaanza kuchechemea. Akaufungua mfuko, akaikunjua taulo. Meneja akamzuia njia.

"Mzee, ukipanda na kitu hicho, binti yako hana kazi kesho."

"Bosi," mzee akasema taratibu, "nilipompa binti huyu ngazi yangu nilimpa neno moja tu: ubao hauna timu. Nimeipenda Dhahabu kabla hujazaliwa. Lakini siku nilipoitoa hii nyumbani nilitaka ubao useme uongo, na neno langu pia liseme uongo. Nipishe."

Akapanda. Ngazi tisa, na kila moja goti lililia, na uso wake ukakunjamana. Namba akamvuta mkono.

"Goti lako, baba!"

"Goti ni langu. Na neno ni langu."

Akaondoa mbili. Akaondoa moja. Akaishika ile tatu kwa mikono yake miwili, akaiingiza ndoanoni. Ikalia: ting. Ikakaa sawasawa, haikucheza hata unywele.

Hapo ndipo uwanja ulipoamini. Sauti iliyotoka haikuwa shangwe wala kilio. Ilikuwa pumzi ndefu ya mshtuko, kisha upande wa Vumbi, wale mia tatu waliokuja kwa miguu, wakalipuka.

Dakika tatu baadaye filimbi ikalia. Mabingwa walikuwa watu wa vumbi. Cheche hakukimbilia wenzake. Alipanda ngazi na viatu vya mpira, damu imekauka puani, akasimama mbele ya Namba.

"Nilikosa," akasema. "Niliamini chuma, sikukuamini wewe."

"Ulinipima kwa mizani."

"Nipime na wewe."

"Uzito huna. Umekonda kama mimi." Akatoa kitambaa cha njano kichwani, akamfuta damu kwa nguvu kidogo, aumie. "Kitendawili umeshindwa, Cheche. Nipe mji."

"Mji sina bado. Lakini lile paa halivuji tena. Nimeliziba."

Mzee, aliyekuwa ameketi kwenye mbao akishika goti, akakohoa. "Wewe wa Vumbi."

"Naam, baba."

"Wazee wako wanakunywa chai na sukari au bila?"

Mlinda lango aliyezuia mipira ya nchi nzima alikaa chini, akalia mbele ya umati.

Namba hakufukuzwa kazi. Kesho yake magazeti yote yalikuwa na picha moja: mzee wa Dhahabu akitundika tatu ya wageni. Nani angethubutu? Meneja akaagiza vibati vipya vya wageni, sufuri mpaka tisa, na aliyevikata ni Cheche.

Tatu ile ya kwanza haikurudi uwanjani. Imetundikwa juu ya mlango wa chumba chenye paa jipya. Mzee akienda kuwatembelea, kabla ya hodi huinua mkono, akaitikisa kidogo.

"Ndoano imara," husema, kisha huingia.